Vijicho, machozi na malengelenge: kutafuta ugonjwa wa rangi ya gari kabla ya kushika msasa

Mteja akiingia gereji na gari lenye doa, swali lake huwa moja: "Fundi, hii inatoka?" Na fundi mwenye njaa anajibu "inatoka, mzee" kabla hata hajainama kuangalia. Nimeshika bunduki ya rangi miaka mingi hapa Dar, na magari mengi yanayoletwa kwangu yameharibika mara mbili: mara ya kwanza na jua au kunguru, mara ya pili na fundi aliyeanza kusugua kabla ya kujua anasugua nini.

Ujue kwanza una kiasi gani cha kusugua. Rangi yote iliyotoka na gari kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi inayoshika bati) hadi klia, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuprintia ina mikroni kama 100. Kwa hiyo gari lako limevaa karatasi moja, au moja na nusu. Klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, ni mikroni 40 hadi 50 tu, na hiyo ndiyo inayokinga rangi isiliwe na jua. Kila ukipitisha kampaundi (dawa ya kusugulia yenye chembe ndogo) unakula humo, na ikiisha huwezi kuirudisha kwa kupolishi.

Doa limekaa tabaka gani?

Vifaa ni vya bure: maji, ukucha, sumaku ya friji, tochi ya simu na kitambaa cheupe.

Mwaga maji juu ya mkwaruzo. Ukipotea ukiwa umelowa halafu ukarudi ukikauka, umo ndani ya klia, kampaundi itauondoa. Usipopotea, pitisha ukucha kwa kuukingama. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umepita klia, na ukisugua utakula klia ya jirani bure. Ukiona kijivu ndani yake, hiyo ni praima. Ukiona bati linang'aa, usiseme "nitakuja mwisho wa mwezi". Kwa hewa yetu ya chumvi, hasa gari linalovuka na kivuko cha Kigamboni kila siku, bati tupu hushika kutu ndani ya siku chache.

Sumaku ifunge kwa kitambaa laini uipitishe kwenye fenda na milango. Panapokataa kushika pana puti nene chini yake, ule uji wa kujazia mabonde. (Bampa ni plastiki na boneti nyingine ni alumini, usije ukamtuhumu muuzaji bure.) Tochi ya simu imulike kwa ubavu, si kwa kuielekeza moja kwa moja, na mistari yote itajitokeza.

Kugusa uchafu ulioganda juu ya klia, mafundi wa zamani walivaa mfuko wa rambo mkononi na kupapasa. Plastiki huongeza hisia ya vidole na kila chembe unaisikia. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, basi tumia ile inayofungia mkate.

Rangi imepauka, haing'ai

Chukua kitambaa cheupe chenye kampaundi, sugua sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja. Kitambaa kikibeba rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Iliyopauka ni ngozi ya juu tu, na chini yake kuna rangi nzima. Pikapu za zamani nyekundu zilizogeuka pinki huamka hivi, mwenyewe haamini. Kitambaa kikibaki cheupe, una klia, na imechoka. Polishi sehemu hiyohiyo. Ikirudi kung'aa na kubaki hivyo baada ya kuosha kwa sabuni, endelea. Iking'aa leo na kupauka tena wiki ijayo, ulichofanya ni kujaza mafuta kwenye nyufa.

Kupauka kukifuatwa na magamba meupe kwenye paa na boneti, klia imeanza kubabuka kama ngozi iliyoungua. Hapa wateja wengi huleta nta ya bei ghali. Hakuna nta, hakuna polishi, hakuna dawa. Ukingo wa klia iliyobabuka utaendelea kuinuka hata ukipiga klia mpya juu yake. Paneli nzima inapigwa msasa hadi pote pashike, inapigwa rangi na klia upya. Nani wa kulaumiwa? Mara nyingi jua. Lakini magamba yakiwa kwenye mlango mmoja tu, ule mlango ulishawahi kurudiwa, na fundi aliacha rangi ikauke mno kabla ya kuifunika na klia, au alibana klia ili kopo moja litoshe gari zima.

Juani gari linaonekana lina utando wa buibui

Hiyo ni mikwaruzo midogo ya kuoshea. Dodoki la jana, na kitambaa kilichofuta rimu kisha kikapanda boneti. Kwenye nyeusi, ile yenye kodi (namba ya rangi) 202 ya Toyota kwa mfano, inatisha. Kwenye nyeupe ipo vilevile ila huioni. Kampaundi laini na sponji safi vinaitoa. Uoshaji usipobadilika, itarudi kabla hujamaliza chupa.

Madoa ya juu: maji, kunguru, mwembe, lami

Vidoa vyeupe vya duara ni chumvi ya maji ya kisima iliyokaukia juani. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze dakika moja kivulini, suuza kwa maji mengi. Pete ikibaki, chumvi imeshaichimba klia, na hapo ni kampaundi.

Kunguru ndio maadui wa boneti mjini hapa. Walifika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na hawajawahi kuomba radhi. Kinyesi chao kinaharibu kwa namna watu wengi hawaijui: klia ikipata joto hulainika na kutanuka, kinyesi kikikauka juu yake kinakuwa kigumu, jioni klia inapopoa na kusinyaa inajifinyanga kufuata umbo la kile kilichoganda. Ndiyo maana ukikifuta unakuta kivuli chake kimebaki. Laza karatasi ya chooni iliyolowa dakika kumi, kisha inua. Usisugue, kuna mchanga ndani. Kivuli chepesi mara nyingine hupungua chenyewe gari likikaa juani baada ya kusafishwa. Klia ikiwa imepasuka ndani ya kivuli, usipoteze kampaundi.

Utomvu wa mwembe unatoka kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, ukiwahi. Lami ya barabara mpya inatoka kwa mafuta ya taa, kisha sabuni mara moja. Saruji usiikwangue kamwe. Siki iilainishe, taratibu.

Sasa tuje kwenye madoa tunayoyatengeneza wenyewe kwa bunduki.

Vijicho

Unapuliza rangi, na ndani ya sekunde chache inajitenga na kuacha vishimo vya duara, kama tone la mafuta linavyosukuma mchuzi pembeni. Ukiangalia ndani ya kishimo unaona tabaka la chini. Hivyo ni vijicho, na chanzo ni mafuta: grisi, jasho la mkono, na hasa silikoni.

Niliwahi kupiga boneti ya Noah nyeupe mara tatu kwa siku mbili. Kila mara vijicho, kila mara upande wa kushoto. Nikabadilisha thina (maji ya kuzimulia rangi), nikabadilisha rangi, nikamgombeza kijana anayenisaidia. Siku ya tatu nikakaa tu kwenye kigoda na chai yangu, naangalia. Upande wa kushoto, mita nne kutoka kwangu, kijana wa kuosha magari anapuliza ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi, na upepo unaleta ukungu wake kwangu. Silikoni tupu. Nilimwomba ahamie upande wa pili wa uwanja na boneti ikatoka safi mara ya kwanza. Yule kijana wangu nilimnunulia soda.

Kwa hiyo vijicho vikitokea, angalia vimekaaje. Vikiwa sehemu moja tu, paneli haikusafishwa hapo, au mtu aliigusa. Vikiwa upande unaotoka upepo, tafuta jirani. Vikitapakaa kila mahali kwa usawa, shuku hewa yako: kompresa (mashine ya kusukuma hewa) iliyochoka hupitisha oili ya injini yake kwenye mpira wa hewa. Kipimo chake ni rahisi. Toa bunduki, elekeza mpira kwenye kioo safi au karatasi nyeupe, puliza dakika nzima. Ukiona ukungu wa maji au alama ya mafuta, usipulize rangi na hewa hiyo.

Vijicho vikiwa vichache ukiwa katikati ya kazi, simama. Usivifukuze kwa kumwaga rangi zaidi, vitakuwa mabeseni. Acha pakauke kidogo, kisha pitisha vumbivumbi jepesi, kavu, mara mbili au tatu, likae juu ya vishimo bila kutiririka. Vikiwa vingi, acha ikauke kabisa, piga msasa hadi sakafu ya kishimo, safisha, anza upya. Kusafisha ni kwa dawa ya kutoa mafuta na vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kinafuta, cha pili kikavu kinafuata hapohapo kabla haijakauka. Kitambaa kimoja kinahamisha mafuta tu. Na petroli, jamani, tuiache. Inaacha mafuta yake, na imeshaunguza gereji za kutosha.

Usichanganye vijicho na matundu ya sindano. Tundu la sindano ni dogo mno, halina mdomo wa duara, na hutokea baadaye, gari likiwekwa juani. Hapo ni thina iliyofungiwa chini: ulipiga mkono (tabaka) wa pili kabla wa kwanza haujapumua, ikatafuta pa kutokea. Kati ya mkono na mkono subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na ujue ziliandikwa kwa nyuzi 20, si kwa Februari ya Dar.

Ukungu mweupe

Umemaliza, rangi inang'aa, dakika chache baadaye inapata weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ni unyevu. Thina inaporuka huipoza paneli, na hewa ya masika ikikutana na uso uliopoa inaacha maji juu yake. Zinazoumwa sana ni rangi za thina tupu, zisizo na hadna (dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi), na ugonjwa unazidi ukitumia thina ya haraka ya bei rahisi. Ukiwahi, pulizia thina ya polepole kidogo tu juu yake na mara nyingi ukungu unayeyuka. Ukichelewa, acha ikauke, polishi; ukiwa ndani sana, rudia.

Dawa yenyewe ni saa. Alfajiri paneli ina umande hata kama huuoni, alasiri upepo wa bahari unaleta vumbi. Mimi hupiga klia kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na kabla ya hapo namwaga maji ya tangi la kompresa. Kuna siku yanatoka nusu glasi.

Malengelenge

Gari limetoka vizuri, mteja amefurahi, miezi miwili baadaye anarudi: "Fundi, gari limeota chunusi." Usibishane naye. Chukua sindano, toboa moja.

Likitoa maji, au likiwa na unyevu ndani na bati lake safi, umemfungia mteja maji chini ya rangi. Mara tisa kati ya kumi ni puti iliyopigwa msasa wa maji. Ndani ya puti kuna unga wa talki, na unakunywa maji kama kipande cha mkate. Juu unakausha kwa kitambaa, unaona pamekauka, unapiga praima. Jua linapowaka yale maji yanataka kutoka na mlango umeshafungwa. Puti inapigwa msasa mkavu, basi. Najua vumbi linakera. Msasa wa maji una kazi yake kwenye praima na kwenye klia.

Likitoa unga wa kahawia, ni kutu iliyokuwa inaendelea chini. Angalia pindo za milango, mzunguko wa matairi na chini ya mipira ya vioo. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, hujificha vizuri: juu yanang'aa, chini yameliwa. Kutu hiyo haifunikwi. Ikwangue hadi bati jeupe, likitoboka likatwe lichomelewe, kisha praima ya kuzuia kutu kabla ya puti, si baada. Puti juu ya kutu hudumu hadi mvua za kwanza.

Likiwa kavu kabisa na limeinuka kama utando, chini yake palikuwa na uchafu au mafuta. Alama za vidole huonekana wazi, malengelenge yamejipanga manne kwa safu. Huyo ni mtu aliyeegemea.

Rangi imekunjamana kama utando wa maziwa

Rangi mpya imeishambulia ya zamani. Hutokea ukipiga rangi ya hadna, au thina kali, juu ya rangi ya thina tupu. Ungepaswa kupima kabla: kitambaa chenye thina, kilaze sehemu iliyojificha dakika moja, kisha futa. Rangi ikiyeyuka na kuganda kitambaani, ama uikwangue yote, ama uitenge kwa praima yenye hadna iliyopigwa nyembamba nyembamba. Ikishakunjamana hakuna ujanja, kwangua.

Ganda la chungwa, machozi na chembe za vumbi

Haya matatu ni ya mkono, na yanatengenezeka, kwa hiyo sitakaa sana. Uso wa ganda la chungwa maana yake rangi ilifika ikiwa nzito au nusu imekauka: mchanganyiko mzito, hewa ndogo, bunduki mbali, au thina ya haraka kwenye joto. Machozi ni kinyume: karibu mno, polepole mno, au ulirudi palepale. Umbali wa sentimita 15 hadi 20, shubiri moja hivi, na mkono usiogeuka upinde. Chozi likishatoka, usilifute kwa kidole. Subiri likauke kweli, zungushia tepu ya karatasi, likwangue taratibu kwa wembe, kisha msasa wa maji 1500 ukiwa umefungwa kwenye kibao, 2000, 3000, halafu kampaundi. Ganda la chungwa na vumbi hufuata njia hiyohiyo. Klia ya hadna ipe angalau siku moja, mbili kwa masika.

Na kabla ya kulainisha mlango mpya hadi uwe kioo, angalia mlango wa jirani. Magari mengi yametoka kiwandani na ganda la chungwa kidogo. Ukilainisha mmoja tu, umemtangazia kila mtu kwamba uligongwa.

Mistari ya msasa inayojitokeza wiki kadhaa baadaye si ya mkono, ni ya haraka. Uliruka kutoka namba 80 hadi 400, au ulifunika praima haijakauka, ikashuka ndani ya mifereji. Panda ngazi: 80, 180, 320 kwenye puti, kisha 400 hadi 600 kwenye praima.

Rangi haifanani

Soma kodi kwenye kibati cha gari. Silva ya 1F7 ikitoka na mabaka meusi, uliilowesha mno na chembe zake zikazama. Mkono wa mwisho uwe mwepesi, kutoka mbali kidogo. Nyeupe ya lulu, 070, ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, klia. Idadi ya mikono ya lulu ndiyo inayoamua rangi, kwa hiyo pigia kibati cha majaribio kwanza, ukilinganishe juani, si chini ya taa ya gereji. Nyeupe 040 haina lulu. Nimeona watu wakiichanganya na 070 na kupiga bampa mara tatu.

Bampa likibanduka rangi kwa mapande, kama stika, ni praima ya plastiki iliyosahaulika. Hakuna kiraka. Toa yote.

Hadna ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu. Kitambaa cha puani hakizuii chochote. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, ibane usoni, fungua mlango. Mafundi wenzangu wawili siku hizi wanapiga puti tu, kwa sababu wakisikia harufu ya klia kifua kinafunga.

Gari likitoka, mwambie mwenyewe asipake nta mwezi mzima, aoshe kwa maji na sabuni laini, na asiegeshe chini ya mwembe. Akirudi wiki ya pili analalamika klia imepoteza ung'avu kidogo, usiguse. Bado inatoa thina. Mpe tarehe, kisha ndipo uitoe kampaundi kabatini.